Berta Bado Hajala

Brno, 17 Oktoba 1993

Dada Zdeňka mpenzi,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Sisi wazima, isipokuwa goti la mama. Anailaumu lifti iliyokufa tangu Agosti, na kila akifika ghorofa ya nne lazima jengo zima lisikie. Kabichi tumeshaitia chumvini, mapipa mawili, ingawa tuko wawili tu na hatujui tunamtilia nani. Shemeji Imrich hajambo? Na mama mkwe wako, bado anakufunulia masufuria kuangalia unapika nini?

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimenunua chatu.

Ndiyo, yule yule tuliyekuwa tukimwota, chatu mdogo wa Afrika ya Magharibi anayejikunja akawa mpira akiogopa. Kaletwa kutoka Togo, jike, mwaka mmoja hivi, gramu mia nne na kumi na mbili. Nimempa jina la Berta. Nimemkuta leo asubuhi kwenye soko la wanyama, pale ukumbini. Nilikwenda na Luboš, fundi umeme wa kazini kwetu, habari zake nitakupa siku nyingine. Nikafanya kama ulivyonifundisha: chatu usiyemwona akila, usimnunue. Mzee muuzaji akamtupia panya palepale mezani. Berta akamrukia, akamzonga, akammeza taratibu kuanzia kichwani. Luboš akawa mweupe kama sahani, akaniuliza, “Na hiki ndicho unachotaka kulala nacho chumba kimoja?” Nikamwambia bora huyu, hakoromi.

Tulimbeba ndani ya foronya, chini ya koti langu, kwenye tramu. Mama alipomwona alisema maneno mawili tu: “Jikoni, hapana.”

Mzee kanipa na kisanduku cha mbao cha sigara kilichotobolewa upande, cha kujifichia. Akaniambia, “Bibie, huyu si mkufu. Wiki nzima usimguse, na kisanduku usikiondoe.” Lakini yeye anauza tu. Wewe ndiye uliyekaa miaka sita kwenye nyumba ya nyoka kule bustani ya wanyama kabla hujaolewa. Kwa hiyo niandikie: nimlishe vipi, lini, nimzoeze vipi? Nitakusikiliza wewe, si mtu mwingine.

Mdogo wako,
Dáša


Košice, 2 Novemba 1993

Mdogo wangu Dáša,

Barua yako imechukua siku kumi na moja. Tangu nchi igawanywe mbili mwaka huu, naona hata stempu zinasimamishwa mpakani kuulizwa zinakwenda kwa nani. Sisi hatujambo. Imrich yuko zamu ya usiku kiwandani, mama yake yuko zamu ya mchana humu ndani, na mimi niko kantini nachota supu kwa wanaume mia tatu. Leo ni siku ya marehemu. Nimewasha mishumaa kwenye makaburi ya watu wa ukoo wa Imrich nisiowajua. Tafadhali mwashie mama yangu huko, na umwambie mama mdogo aliyetulea sote asipande vile vilima na goti lake, uende wewe.

Hongera kwa chatu. Nimefurahi sana.

Basi nikuulize tu, kwa kuwa nimefurahi. Unakumbuka tulivyoapa kule kwenye stoo ya chini, wewe una miaka tisa na mimi kumi na mbili, na mijusi yetu kwenye chupa za kachumbari? Tuliapa chatu wa kwanza tutamchagua wote wawili. Sikumbuki kumwapisha fundi umeme. Ni nani huyu Luboš anayejua kubadilika rangi mbele ya watu? Foronya alishika nani, wewe au yeye?

Mimi hapa hata kenge wa plastiki siruhusiwi. Imrich alishasema, “Nyoka akiingia kwa mlango, mimi natokea dirishani.” Basi ndivyo tulivyo. Hata kuja kwenu kutazama sidhani kama atanipa ruhusa. Wewe una chumba, una uhuru, una chatu, na sasa una hata mtu wa kukubebea chatu.

Haya, ushauri. Wauzaji wa sokoni husema mambo mengi. Kisanduku kitoe. Kujificha kunamfanya nyoka awe mshenzi, hatakujua kamwe. Mtafutie sanduku la kioo kubwa, kubwa kabisa, uliweke palipo na mwanga, akuone unapopita. Mtoe kila siku nusu saa, umshike, azoee harufu yako. Panya mpe akiwa mkononi mwako. Wewe umenisikiliza miaka yote hujapotea.

Dada yako,
Zdeňka


Brno, 28 Novemba 1993

Dada mpenzi,

Salamu tele. Leo tumewasha mshumaa wa kwanza wa majilio, na mama ameanza biskuti za vanila mapema kana kwamba tunasubiri kikosi. Mama yako nilimwashia mishumaa miwili, mmoja wako na mmoja wangu, na nilikwangua kuvu kwenye jina lake. Usiwe na wasiwasi.

Nimefanya yote uliyosema. Kioo nimepata kikubwa, kilikuwa cha duka la samaki, Luboš na rafiki yake walikipandisha ghorofa zote nne huku mama akihesabu matusi. Nimekiweka dirishani. Kisanduku nimekitoa. Kila nikirudi kazini namtoa Berta, namweka mapajani, tunasikiliza redio.

Dada, hajala. Mara tatu nimempa panya na mara tatu amegeuza kichwa. Kutwa yuko kwenye kona, amejikunja mpira, kichwa katikati, hata ukimpulizia hajikunjui. Nampima kwenye mizani ya mama ya jikoni: gramu mia tatu themanini na tisa. Mama alinikuta. Akapiga kelele, “Mizani ya unga wa Krismasi! Mimi sitakula kitu kilichopimwa baada ya nyoka!” Kanunua mpya, ile ya zamani kaiandikia NYOKA kwa rangi ya kucha.

Luboš anasema nirudishe kisanduku. Anasema, “Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi ukinianika dirishani uchi sitakula.” Nikamwambia dada yangu kawalea chatu kabla wewe hujajua nyoka ana ulimi. Amenuna. Yeye kidogo tu hununa, siku hizi.

Au nimshike muda mrefu zaidi? Niambie.

Dáša wako


Košice, 14 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Heri za Krismasi mapema, nisije nikachelewa. Kwetu hapa wanapika supu ya kabichi na soseji ndani yake, na uyoga, na nikisema kwetu Brno tunakula supu ya samaki mama mkwe ananitazama kama mtu aliyetoroka mahali. Asante kwa kaburi la mama. Asante kweli.

Kuhusu Berta, usihangaike mno. Ni majira ya baridi. Chatu wa aina hii hufunga kula wiki nyingi na hawafi. Endelea ulivyo.

Huyo Luboš namwona amekuwa daktari haraka sana. Fundi umeme akae na nyaya zake. Ninachokiona mimi ni kwamba chatu ni mmoja na watu wanaomwamuru ni wawili, na mmoja wao hakuombwa. Angalia asije akakuamuru na wewe. Mimi nilipoolewa wewe hukumpenda Imrich hata siku moja, ulikaa harusini umevaa uso wa mazishi. Mimi nilinyamaza. Sasa ni zamu yangu kusema, na nasema.

Wasalimie wote. Mama mdogo mpe biskuti moja kwa niaba yangu, ile iliyovunjika, ndiyo anayoipenda.

Zdeňka


Brno, 9 Januari 1994

Dada Zdeňka,

Heri ya mwaka mpya. Mama anakusalimu. Krismasi ilipita. Samaki wetu wa Krismasi alikaa hai kwenye beseni la kuogea siku tatu kama kawaida, mama akampa jina, kisha akashindwa kumuua, tukamrudisha mtoni kwa ndoo na kula viazi. Alisema, “Bafuni samaki, chumbani nyoka, wote hawaliki, wote hawali.” Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Berta ana gramu mia tatu thelathini na nane. Ngozi yake imeanza kukunjana ubavuni, ukimpitishia kidole unausikia uti wa mgongo. Hafungui tena mpira wake ninapomshika. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Mtu mwema, lakini hutibu ng'ombe na mbwa, akamtazama akasema, “Bibi, mimi hata sijui nimshike wapi.”

Luboš hayupo. Nilimkuta jioni moja amerudisha kisanduku cha sigara kwa siri na amefunika kioo kwa shuka. Nikamtoa yeye na shuka lake. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisimama ngazini akauliza, “Dáša, hivi nani anamfuga huyu nyoka, wewe au barua?” Nikafunga mlango. Asubuhi nikakitoa kisanduku tena.

Sasa nitakwambia jambo, na usinicheke. Sikumnunua Berta kwa sababu ya stoo ya chini na chupa za kachumbari. Tangu uolewe, miaka minne, umekuja mara mbili. Ya kwanza ulikuja kuchukua mashine ya kushonea, ya pili mazishi ya babu. Nikasema moyoni: kwa mama hatakuja, kwangu hatakuja, labda kwa chatu atakuja. Imrich akuache wiki moja tu. Ana wewe siku zote, mimi nina kitanda chako kitupu ukutani. Nimemchukia mtu huyo, dada, na hajanikosea kitu.

Nakusubiri wewe tu. Uliyoyaandika Novemba, yasome tena moyoni mwako, uniambie kama ndiyo hayo hayo. Nitafanya utakachosema.

Dáša


Telegramu, Košice, 18 Januari 1994

RUDISHA KISANDUKU. FUNIKA KIOO. USIMGUSE. BARUA INAFUATA. ZDEŇKA


Košice, 19 Januari 1994

Dáša,

Hatujambo huku, na sitasema zaidi ya hapo kuhusu huku.

Kwanza ya Berta. Kile kioo kikubwa kiondoe kabisa, tafuta kidogo, kama droo ya kabati. Kiweke mbali na dirisha, gizani, pasipopita watu. Kisanduku kiwe kidogo kiasi kwamba akijikunja kinambana pande zote, hapo ndipo hujiona salama. Joto upande mmoja, nyuzi thelathini na mbili, upande wa pili pawe poa zaidi, na maji. Siku kumi usimguse, hata kumpima usimpime, hata kumchungulia usimchungulie. Siku ya kumi na moja, jioni, chukua panya mdogo aliyekwisha kufa, mpashe kwenye maji ya moto ndani ya mfuko, umkaushe, umshike mkia kwa kibanio kirefu, umweke kwenye tundu la kisanduku. Usimtikise. Akikataa, mwache panya hapo, zima taa, uende kulala. Akila, usimguse siku mbili, maana atatapika.

Haya yote niliyajua Novemba. Niliyajua nilipokuwa nashika kalamu. Kule kwenye nyumba ya nyoka, kitu cha kwanza tulichofundishwa ni hicho: chatu mgeni mfiche na umsahau. Nilikuandikia kinyume chake, neno kwa neno, na sikukosea hata moja.

Nimejaribu siku nzima kutafuta jina zuri la jambo hili, sikulipata. Ni wivu. Nilimwonea wivu Luboš kwa ile foronya. Nilikuonea wivu wewe kwa tramu, kwa mama mdogo na mdomo wake, kwa chatu ambaye mimi nilimlilia kabla yako na nikamjua kuliko wewe. Nilitaka akukatae. Si afe, hapana, hata siku moja sikutaka afe. Nilitaka tu akukatae, uniandikie kwamba umeshindwa, nami nikujibu kwa huruma. Ulipoandika kwamba kageuza kichwa, nilisoma mstari ule mara mbili kwa raha. Nakwambia hivyo kwa sababu najua utajiuliza.

Na Imrich hajawahi kunikataza chochote. Maneno ya mlango na dirisha niliyatunga mimi. Nilipomwambia kuhusu Berta alisema, “Nenda ukamwone basi, mama atanipikia.” Sikuja kwa sababu sitaki kulala pale kama mgeni. Sitaki kuulizwa ninywe chai au kahawa katika nyumba nilimokulia.

Luboš alikuwa sahihi. Mwambie hivyo, mwambie mimi ndiye nimesema.

Natafuta nafasi ya kuja Pasaka, kama utanikubali. Jibu hata kwa neno moja.

Zdeňka


Košice, 16 Februari 1994

Dáša, yapata mwezi sasa. Niandikie kama yuko hai. Kama hayuko hai niandikie vilevile. Nachungulia sanduku la barua mpaka mama mkwe anadhani nina hawara.

Z.


Brno, 6 Machi 1994

Zdeňka,

Amekula.

Ilikuwa tarehe tano Februari, mara ya pili ya kujaribu. Nilifanya kama ulivyoandika. Nilikaa sakafuni na kibanio hadi mkono ukafa ganzi, kisha kichwa kikatoka kidogo, ulimi, ulimi, halafu sikuona tena, nilisikia tu panya akivutwa ndani na kugonga ubao wa kisanduku. Mama alikuwa mlangoni kumbe, amevaa gauni la kulalia. Akasema, “Kala?” Nikasema kala. Akaketi kwenye kiti akalia yeye, ambaye kila siku anamwita “yule mdudu”. Amekula mara tano sasa. Ana gramu mia tatu sitini na moja.

Umeniomba neno moja, nami nimekaa mwezi mzima nalitafuta. Nilitaka nikuandikie kwamba wewe ni shetani. Niliiandika barua hiyo, kurasa nne. Sikuituma, na nitakwambia kwa nini.

Tarehe kumi na tisa Desemba nilirudi sokoni. Nilimkuta mama mmoja wa chama cha wafuga nyoka, ana chatu kumi na tano, mikono yake imejaa alama za meno. Nilimweleza kila kitu: kioo, mwanga, mapajani, redio. Akauliza taratibu, “Binti, ni nani aliyekuambia ufanye hivyo, adui yako?” Nikacheka. Nikamwambia nimesoma vibaya kitabuni. Akanieleza yote, kisanduku, giza, siku kumi, yote uliyokuja kuniandikia wewe baada ya mwezi.

Kwa hiyo nilijua, Zdeňka. Luboš aliporudisha kisanduku, nilijua yuko sahihi. Asubuhi ile nilipokitoa, nilijua ninachokitoa. Ningekiacha pale, ningekuwa nimekubali kwamba ulifanya makusudi, na hilo sikuliweza. Niliona bora Berta akonde wiki nyingine, na nyingine, nikisubiri wewe useme mwenyewe. Nilikuwa nampima, naandika gramu, naomba Mungu barua ifike kabla hajafa. Kwenye barua ya Januari nilikuuliza kama ndiyo hayo hayo. Nilikuwa nakubembeleza.

Huyu nyoka hakuwa na adui mmoja tu. Alikuwa na wawili, na mmoja alikuwa anamshika kila siku mapajani na kumwita mwanangu.

Luboš nilimwendea kazini nikamwambia alikuwa sahihi. Akasema alijua, akauliza Berta hajambo. Nikasema hajambo. Hakuuliza kuhusu mimi. Ana haki.

Pasaka njoo. Kitanda chako nimekitandikia shuka za kila siku, zile zilizochanika pembeni, si za wageni, na chai utajipikia mwenyewe. Sijakusamehe, wala sijajisamehe, lakini nataka uje tukae meza moja, mama atupigie kelele wote wawili.

Ila Berta hutamgusa. Utakaa mlangoni alipokaa mama, na utatazama ninavyomlisha.

Dáša